Oksijeni Ina Safari Ndefu: Maneno Niliyowaambia Wahitimu wa Ufundi, Nyakato, Mwanza

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka Magu, Misungwi, Sengerema na visiwani, na ninyi wahitimu mliovaa ovaroli mpya: mwangaluka!

Asanteni. Hata wasio Wasukuma wameitika, nimefurahi.

Mimi si fundi. Nilikuwa muuguzi wa usingizi kwa miaka 31, yule anayekaa kichwani kwa mgonjwa wakati daktari anapasua. Nilipoletewa barua ya kuja hapa nilimuuliza mkuu wa chuo, vijana wa kuchomelea, wa umeme na wa mitambo watanitaka nini mimi? Akaniambia, "Mama, umeshinda na mitungi maisha yako yote. Waambie habari zake." Basi nimekuja na mtungi wenyewe. Ule pale, umefungwa mnyororo kwenye nguzo. Nimeomba ufungwe kwa sababu ukianguka na valvu ikakatika, mtungi ule utatoboa ukuta wa ukumbi huu.

Sisi wa ziwa thamani ya hewa tunaijua. Mnakumbuka Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara. Tulizika watu zaidi ya mia mbili. Lakini siku mbili baadaye waokoaji walimtoa fundi mitambo mmoja akiwa hai, amejibanza ndani ya meli iliyogeuka, mahali palipokuwa pamebaki hewa. Siku mbili! Nguvu zake zisingemfaa kitu kama pasingekuwa na hewa pale alipojibanza.

Sasa niwaulize. Mtungi ule pale una kilo ngapi za oksijeni? Nasikia hamsini. Nasikia mia. Mtungi mkubwa wa namna ile ukijazwa hubeba lita zipatazo 6,800. Ukiziweka kwenye mizani ni kilo 9 na kidogo. Chuma chenyewe kina kilo zaidi ya 60. Kwa hiyo lori linalotoka Dar es Salaam na mitungi, zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza, limebeba chuma. Dawa ni abiria mdogo aliyejikunyata ndani. Na likishashusha linarudi na chuma kilekile, kitupu. Tanki la dizeli halijui tofauti ya mtungi uliojaa na mtupu.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi, hata viongozi wa hospitali niliofanya nao kazi, hudhani kuna kiwanda mahali fulani kinachotengeneza oksijeni. Hakuna. Katika kila lita 100 za hewa tunayovuta humu ndani, 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na karibu lita 1 iliyobaki ni agoni. Ipo Nyakato, ipo Kirumba mwaloni, ipo Ukara. Kampuni za gesi zinachofanya ni kuitenga, kuibana na kuileta. Ukilipa ankara ya oksijeni umelipia umeme, chuma na barabara.

Kazi hii ni kongwe kuliko reli yetu. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Mwaka 1886 ndugu wawili Wafaransa, akina Brin, walikuwa tayari wameanzisha kampuni London ya kuuza oksijeni kwenye mitungi. Walipasha moto oksidi ya bariamu, ikanyonya oksijeni kutoka hewani, kisha wakaibadilishia hali ikaiachia. Mwaka 1895 Mjerumani Carl von Linde akaja na njia bora ya kuigeuza hewa kuwa maji, yaani kimiminika, kwa wingi. Hewa ikishakuwa maji, kazi iliyobaki ni kukeneka, kama wanavyokeneka wapika gongo, ila hapa kila kitu kiko kwenye baridi kali. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, oksijeni kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Naitrojeni hutangulia kupanda, oksijeni hubaki chini. Mwaka 1902 ikazaliwa Air Liquide kule Paris. Mwaka uliofuata Wafaransa wengine wawili, Fouché na Picard, wakaiunganisha oksijeni na asetilini, gesi inayowaka, kwenye bomba moja la moto. Kijana wa kuchomelea, moto ule uliojifunzia umetoka hapo.

Kampuni ya akina Brin ikawa British Oxygen mwaka 1906, ile BOC ambayo wazee wa Afrika Mashariki wanaijua. Mwaka 2006 Linde wakainunua. Mwaka 2018 Linde wakaungana na Praxair ya Marekani. Kwetu hapa tuna TOL, kampuni ya gesi ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1950. Mwaka 1998 ilikuwa kampuni ya kwanza kabisa kuandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na hadi leo inavuna gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kule Rungwe, ile inayotia povu kwenye soda.

Kampuni kubwa za dunia huuza gesi kwa njia tatu. Mteja mkubwa, tuseme kiwanda cha chuma au cha kusafisha mafuta, hujengewa mtambo kwenye uzio wake, gesi inapita kwenye bomba usiku na mchana. Mteja wa kati huletewa oksijeni ya maji kwa tangi la baridi, na lita 1 ya maji yale ikiachiwa huwa zaidi ya lita 800 za gesi. Mteja mdogo huletewa mtungi. Mtungi ndio njia ghali kuliko zote kwa kila lita, na ndiyo inayompata mtu wa mbali mwenye uwezo mdogo. Zahanati ya kisiwani iko mwisho wa njia ya tatu. Siwalaumu wafanyabiashara kwa hesabu hiyo, chuma ni kizito kwa kila mtu. Ninachokataa ni sisi kuipokea kama mvua, kana kwamba hatuna la kufanya.

Wanangu, sasa nitawaambia jambo ambalo sikuzoea kulisema mbele ya watu.

Nilikuwa kijana, nimepangiwa hospitali moja ya kisiwani. Jioni, saa kumi na mbili, mama mmoja alishuka kwenye mtumbwi na mtoto wa miezi minane amemfunga kwa kanga. Homa ya mapafu. Mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, matundu ya pua yanatanuka, midomo imekuwa zambarau. Tulikuwa na mtungi mmoja, geji inaonyesha robo. Nikapiga hesabu. Robo ya lita 6,800 ni lita 1,700. Mtoto yule nilimfungulia lita 1 kwa dakika. Dakika 1,700 ni saa 28. Boti ya mitungi ilikuwa ije asubuhi. Nikamwambia mama yake, "Dada, oksijeni ipo ya kutosha. Jinyooshe kidogo."

Midomo ya mtoto ikarudi rangi yake. Usiku akanyonya kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, na kilichokuwa kikinituliza ni ule mlio wa chupa ya maji ambayo oksijeni hupitia ili isimkaushe mgonjwa koo, bubububu, bubububu. Saa nane usiku nikashtushwa na kimya. Chupa imenyamaza. Nikamulika geji kwa tochi. Mshale umelala kwenye sifuri.

Mtoto alifariki saa kumi alfajiri. Boti ilifika saa mbili asubuhi.

Mama yake hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, "Si ulisema ipo ya kutosha?"

Baadaye fundi wa hospitali, mzee mmoja mtaratibu, akachukua regulata yetu, kile kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, akaifunga kwenye mtungi mpya. Akakwangua sabuni ya mche kwenye bakuli, akaipigapiga mpaka ikatoa povu, akapaka kwenye maungio kwa brashi ya kunyolea. Tukaangalia. Ubavuni mwa nati povu moja likaanza kukua, likawa kama punje ya hindi, likawa kama yai la kanga, likapasuka. Likaanza lingine. Akafungua, akanitolea kipete cha mpira kinachoziba maungio, mafundi mnakiita washa, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa kimepasuka upande mmoja, ufa mwembamba kama wa ukucha. Nikarudia hesabu. Lita 1,700 kwa saa nane ni zaidi ya lita 3 na nusu kwa dakika. Mtoto alikuwa akipata lita 1. Lita 2 na nusu zilikuwa zinakwenda chumbani, kwangu, kwa mende, kwa ukuta.

Kipete kile bei yake haifiki sahani ya wali maharage. Oksijeni ile ilikuwa imetengwa, imebanwa, imesafirishwa nchi nzima, imevushwa ziwa, ikamwagikia hatua mbili kutoka kitanda cha mtoto. Na mimi niliyekuwa zamu sikuwa nimefundishwa kupaka povu.

Kwa hiyo nikiwatazama ninyi simwoni fundi wa geti na madirisha peke yake. Geti ni kazi ya heshima, na meli zetu zimeungwa na mikono kama yenu. MV Mwanza, inayobeba abiria 1,200, iliungwa hapahapa bandari ya Mwanza Kusini. Lakini nawaona pia watu ambao wangeweza kuwa kwenye chumba kile saa kumi na mbili jioni.

Mnazijua spana. Mnajua kwamba nati ya oksijeni hufungwa kulia na ya gesi inayowaka hufungwa kushoto, na kwamba ile ya kushoto huchongwa alama kwenye kingo zake ili hata gizani mkono ujue. Mnajua asetilini haiachwi ikilala, kwa sababu ndani ya mtungi wake kuna asetoni iliyoimeza, na ukiulaza asetoni hutoka na gesi. Muuguzi hafundishwi hayo.

Hata la mafuta mnalijua, ila nitalisema tena kwa sababu nimeona mkono wa kijana umeungua mpaka kiwiko. Regulata ilikuwa ngumu kufunga, akaipaka grisi. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini ikitoka kwa msukumo ule mkubwa ikakuta mafuta, mafuta yanawaka bila kiberiti. Grisi, mafuta ya kula, hata losheni uliyojipaka asubuhi, isikaribie valvu ya oksijeni. Nawa mikono, futa, ndipo ushike.

Halafu rangi. Mtungi mweusi wenye mabega meupe, kwa utaratibu wa Kiingereza tuliourithi, ni oksijeni ya hospitali. Ule wa rangi ya damu ya mzee ni asetilini. Lakini Marekani oksijeni ya hospitali ni ya kijani, na siku hizi mitungi inatoka kila upande wa dunia. Usiamini rangi, soma lebo. Kisha soma begani, pale chuma kilipogongwa nambari. Utakuta uzito wa mtungi mtupu, msukumo uliopimiwa na tarehe ya kupimwa. Nenda kasome kwenye ule pale ukitoka. Mtungi ambao tarehe yake imepita sana ni bomu lililopakwa rangi mpya. Na mtungi wa gereji usikubali kuubeba kuupeleka wodini, hata ukiambiwa oksijeni ni ileile. Huenda imetoka mtambo mmoja kweli. Lakini mtungi wa gereji hakuna aliyeandika umepitia wapi, na mgonjwa atavuta kila kilichomo.

Shirika la Afya Duniani limeiweka oksijeni kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya wagonjwa wenye upungufu wake mwilini tangu mwaka 2017. Dawa ina kipimo. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu kikisoma chini ya asilimia 90, mgonjwa anahitaji oksijeni. Siku zile hatukuwa nacho, tuliangalia midomo. Papua New Guinea, nchi ya visiwa na milima yenye barabara mbaya kuliko zetu, waliweka vibanio hivyo na mashine ndogo za kuchuja oksijeni katika hospitali 5, wakawafundisha wauguzi na mafundi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Vifo vya watoto kwa homa ya mapafu vilipungua kwa asilimia 35. Hawakungoja lori. Waliichukua kwenye hewa ya palepale.

Mashine zile ndogo mtaziona. Ndani yake kuna punje za madini yanayoitwa zeolaiti, zinazonasa naitrojeni na kuipitisha oksijeni. Inatoka ikiwa na usafi wa asilimia 93 hivi, inatosha mgonjwa. Ile ndogo inatoa lita 5 kwa dakika na inaendeshwa na umeme wa soketi ya kawaida. Mtambo mkubwa wa hospitali ni kazi ileile, umekuzwa, na unajaza mitungi papo hapo. Mwaka 2021 serikali ilipopata ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO, sehemu yake ilinunua mitambo ya namna hiyo kwa hospitali zetu za rufaa. Nilishukuru, namaanisha hivyo.

Lakini nimeshaingia kwenye chumba cha mtambo, hospitali siitaji, nikakuta umezimwa miezi mitatu. Kontena safi, kibandiko cha mfadhili ukutani, kimya. Filta ya kuingizia hewa ilikuwa imeziba vumbi, kikandamizi, ile mashine ya kubana hewa, kikapata joto, kikajizima. Filta! Wanangu, mtu aliyemaliza mwaka mmoja hapa chuoni angeibadilisha kabla ya chai. Hospitali ilikuwa imerudi kuagiza mitungi kutoka mbali huku mtambo wake umesimama uani.

Tangu Juni 2025 lori la Geita na Sengerema halingoji kivuko tena, linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 kwa dakika chache. Hilo ni jambo kubwa kwa oksijeni, na sijasikia likisemwa kwenye sherehe. Ila daraja halijafika Ukerewe. Halijafika Kome wala Maisome. Huko mtungi bado unapanda boti, na ziwa likichafuka boti haiondoki, inalala imefungwa. Kwa hiyo huko ndiko nataka mashine za kuchuja, paneli za jua na fundi anayekaa palepale, mwenye sanduku la filta na vipete.

Niseme na wazazi pia, maana baadhi yenu ni madiwani na wajumbe wa kamati za afya. Siku mkataba wa gesi ukiletwa mezani, msiangalie bei ya kujaza tu. Ulizeni mtungi ni wa nani. Mara nyingi ni wa kampuni, ninyi mnalipa amana na kodi ya kila mwezi, na mtungi uliopotea mtaulipia. Ulizeni ikitokea dharura saa nane usiku nani atapokea simu, na mitungi itafika baada ya saa ngapi. Saa hizo ziandikwe. Nimeona mikataba ya kurasa ishirini isiyo na neno "saa" hata mara moja. Na kampuni inayotaka kuuza oksijeni kanda hii, iwe ya hapa au ya nje, iulizwe itawafundisha mafundi wangapi wa hapa. Ikijibu "tutatuma mtaalamu kutoka makao makuu", mtaalamu huyo atangoja ndege, na mgonjwa hangoji.

Kuna riziki pia, sitaki mwondoke mkidhani nimekuja kuwaonyesha misiba tu. Wafugaji wa sato kwenye vizimba husafirisha vifaranga kwenye mifuko ya nailoni. Theluthi maji, nafasi iliyobaki inajazwa oksijeni kutoka mtungini, mdomo unafungwa kwa raba. Bila hiyo, vifaranga wanafika wameelea. Mfugaji wa ng'ombe anayepandikiza mbegu kutoka kile kituo cha Usa River, mbegu zake zimekaa kwenye naitrojeni ya maji, na chombo kikiishiwa naitrojeni mbegu zimekufa. Wote hao wanahitaji mtu anayejua valvu, geji na kipete. Kijana mmoja mwenye pikipiki, regulata mbili za akiba na bakuli la povu anaweza kuzunguka kuanzia Igoma hadi Kisesa na asikose kazi.

Mkuu wa chuo ananionyesha saa. Namalizia na kazi, siyo maneno.

Pale kwenye mtungi nimeweka regulata, spana, bakuli na kipande cha sabuni ya mche. Vipete nimeleta viwili, kimoja kizima na kimoja chenye ufa, na sitasema kipi ni kipi. Nataka mhitimu mmoja aje. Wewe binti mwenye kilemba cha bluu, njoo. Jina lako utaniambia baadaye. Kwanza nionyeshe viganja. Vizuri, havina mafuta. Chagua kipete, kipandishe, funga nati kwa mkono kisha malizia kwa spana, usiikomoe. Simama ubavuni, usikae mbele ya geji. Sasa fungua valvu taratibu, robo mzunguko.

Haya, paka povu. Na ninyi nyuma, nyamazeni kidogo tusikilize.